Kigoda cha Akida

Mwalimu Kudra Maftaha akiwa na hasira hatembei, anapima kiwanja. Hatua ndefu, kichwa mbele, mkono mmoja umeshika mtandio usije ukaruka. Watu wa Kilwa Masoko walishamzoea. Akikatiza sokoni kwa mwendo ule, wauza samaki wanaambizana, "Leo kuna mtu kaichezea historia," na kwa kawaida huwa hawakosei.

Siku hiyo alikuwa anatoka ofisini kwa mkuu wa shule, karatasi mkononi. Karatasi yenyewe ilikuwa orodha ya wahusika wa igizo la kidato cha tatu, lililotakiwa lichezwe Jumamosi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Kaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi baada ya mvua: wakulima kumi na wanne, jumbe mmoja, askari wawili, Mjerumani mmoja, akida mmoja. Akida kakatwa kwa kalamu nyekundu. Na hakukatwa mara moja, kama mtu anavyokata kosa. Kakatwa mara tatu, mpaka karatasi imetoboka.

Sasa, kwa asiyejua, akida ndiye aliyekuwa mkono wa Mjerumani huku kwetu. Wajerumani walikuwa wachache, nchi kubwa, jua kali. Wakawatafuta watu wa Pwani wanaojua kusoma na kuandika, wakawapa askari, wakawaambia nendeni huko milimani mkahakikishe watu wanalima pamba. Wakaenda. Asiyelima alilazwa chini akachapwa viboko ishirini na tano, hamsa ishirini kama walivyoviita wenyewe, na aliyekuwa anasimamia pale hakuwa na macho ya buluu. Alikuwa mtu wa huku huku, anaswali, ana jina, ana ndugu.

Ukimtoa huyo kwenye igizo, unabaki na Mjerumani mmoja anayelimisha milima yote ya Matumbi peke yake, kwa kupiga kelele kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Hicho ndicho kilichompandisha Kudra mori.

Mkuu wa shule, Mwalimu Valentini, si mtu mbaya. Mpole, mnene, bado miaka miwili astaafu, na ana ugonjwa mmoja tu: anakubaliana na mtu wa mwisho aliyetoka ofisini kwake. Asubuhi hiyo wa mwisho alikuwa Mzee Hasani, mwenyekiti wa bodi ya shule.

"Mwalimu Kudra, keti," alimwambia.

"Nimesimama vizuri tu, mkuu."

"Mwenyekiti kapita hapa. Igizo kalisifu sana."

"Kaliona lini?"

"Hajaliona. Kaona orodha." Mkuu akaisogeza karatasi kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha. "Ila kauliza, huyu akida wa nini. Mjerumani si yupo? Anatosha."

"Anatosha kwa lipi?"

"Kwa ubaya, mwalimu. Ubaya wote abebe yeye. Katoka mbali, hana ndugu hapa, haji kwenye mahafali."

Kudra akamwangalia. Mkuu akaangalia dirishani.

"Mkuu, hilo ni somo. Lipo kwenye mtaala. Watoto wanatungiwa mtihani."

"Kwenye mtihani wataandika. Nani kakataa wasiandike? Lakini kuandika ni kuandika, na mahafali ni mahafali. Tazama ratiba." Akampa na ratiba. Namba nane, vinywaji kwa wageni. Namba tisa, burudani, na kwenye mabano wameandika historia, dakika saba. Namba kumi, neno la shukrani.

Miaka tisa mwanamke anafundisha watoto kwa maigizo, wanakimbia juani na magunia ya mchanga vichwani wapate kujua mpagazi alikuwa anasikiaje shingoni, wanafaulu waliokuwa hawafaulu, halafu anawekwa baada ya soda.

Kudra si mtu wa Kilwa. Kazaliwa Mtama, kwa wakulima wa korosho, mtoto wa nne kati ya saba, ndiye wa kwanza kwao kuvuka darasa la saba. Historia ilimkuta sekondari, ikamkuta kwa Kiingereza. Alikariri daftari zima bila kujua linasema nini, kama mtu anayebeba gunia lililoshonwa mdomo: uzito anausikia, kilichomo hakijui. Mtihani wa mwisho akapata D. Akarudia, akapata C, akaenda ualimu, na ile D hajaisamehe mpaka leo. Alipopangiwa Kilwa alifundisha jinsi alivyofundishwa. Anaandika ubaoni, wanakopi, wanakariri, wanafeli. Wanaomaliza wanakwenda zao kuendesha bodaboda, wakipita kwenye magofu ya wazee wao kama wanavyopita kwenye mabanda ya kuku.

Kilichombadilisha ni msiba. Kaka yake Mzee Hasani alifariki, mji mzima ukahudhuria, na Kudra akaenda kama mwalimu mgeni anavyopaswa kwenda. Akakaa kwenye mkeka upande wa wanawake, kajiinamia, mara akasikia watu wanacheka. Akainua kichwa. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kavaa kanzu ya marehemu na makubazi ya marehemu, anatembea uani huku anakokota mguu wa kulia, anakohoa kikohozi cha marehemu, anafoka kwa nini chai haina tangawizi na nani kamkalia kiti chake.

Huyo ndiye Bi Stefania. Mama wa Kingoni, mjane wa askari magereza, anauza chakula jirani na stendi. Wangoni bwana wana utani na karibu kusini yote. Zamani walipigana na kila mtu, na waliochoka kupigana wakaona bora wataniane. Mtani wako akija msibani anaruhusiwa kumwigiza maiti wako, avae nguo zake, aseme tabia zake, hata zile ambazo wewe mwenye msiba usingezisema. Na wewe huna ruhusa ya kuchukia. Ukichukia umeharibu wewe, siyo yeye.

Kudra hakuwahi kumwona marehemu hata siku moja. Lakini aliporudi nyumbani alikuwa anamjua. Anajua alikuwa mkali wa chai, mwoga wa paka, anapenda kuamkiwa kabla ya kila mtu. Usingizi ukakataa, akawa anajiuliza: mimi nimefundisha akida, jumbe, mpagazi, mtumwa, miaka mitano, kuna mtoto hata mmoja anayewajua kama mimi ninavyomjua yule mzee wa watu sasa hivi?

Jumatatu akaingia darasani bila chaki.

Tangu siku hiyo utaratibu wake ni mmoja. Kila somo kubwa linapoisha, wahusika wanaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinawekwa kwenye kofia ya mtu, na kila mwanafunzi anachota. Hakuna kuchaguana. Mtoto wa imamu anaweza kuchota mfanyabiashara wa watumwa, mtoto wa polisi akachota mfungwa. Ukishachota unakwenda kuuliza nyumbani na mtaani: huyu mtu alikuwa anavaaje, anakaaje, anasemaje. Kwa igizo la pamba, pamba yenyewe kusini hailimwi siku hizi, kwa hiyo walitumia sufi ya kushonea mito. Walichomeka vijiti vya mihogo kwenye mistari uwanjani, wakafunga mashada ya sufi juu yake, na kwa mbali ungeapa ni shamba. Mwisho wa igizo wakulima wanaling'oa lote, mche kwa mche, maana vita vya Maji Maji huku kwetu vilianza hivyo, kwa watu kung'oa pamba.

Mwaka huu karatasi ya akida ilichotwa na Amina. Na Amina ni mjukuu wa Mzee Hasani.

Sasa unaanza kuona kalamu nyekundu ilitokea wapi. Mtoto hodari yule, kaenda nyumbani kuuliza alivyofundishwa. Kauliza babu, akida alikuwa anatembeaje? Babu kasema hajui. Basi Amina akachukua fimbo ya babu yake nyuma ya mlango akaanza kujifunza uani mwenyewe, anawapigia kelele kuku, analaza wadogo zake chini, hamsa ishirini, hesabu. Mzee Hasani katoka kuswali alasiri anamkuta mjukuu wake katika hali hiyo, na fimbo ile. Watu wazima wa Kilwa wanajua babu yake Mzee Hasani alikuwa nani enzi za Mjerumani. Wanajua na wananyamaza, kwa adabu. Ni adabu nzuri sana, inawafaa wote isipokuwa waliochapwa.

Kudra, baada ya kutoka kwa mkuu, alipima kiwanja moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mwenyekiti. Mzee alikuwa barazani, kofia yake nyeupe ya kushonwa kwa mkono kichwani, fimbo mapajani. Hasira zote zile za Kudra, na bado amri ya malezi ikatangulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuuliza. Akida kakukosea nini?"

"Keti kwanza unywe maji."

"Nimekunywa, ahsante."

Mzee akacheka kidogo. Ni mtu wa heshima zake, hilo lazima lisemwe. Anachangia madawati, anasimamia madarasa yakijengwa, watoto wanampenda.

"Mwanangu, historia ni kitu kizuri," alisema. "Lakini siku ile watu wanakula pilau. Kuna wazazi wa huku na kuna wazazi wanashuka kutoka Kipatimu, milimani Matumbi. Unataka watoto wajue nini? Nani alimchapa babu yake nani? Halafu Jumatatu wakakae dawati moja?"

"Wanakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, mzee. Amina wako na Adija wa Kipatimu. Na Adija mwaka wa kwanza alikuwa anaitwa mshamba wa mlimani mpaka akawa hataki kufungua mdomo. Aliyekuwa anamwita hivyo ni nani, muulize mjukuu wako."

"Utoto huo."

"Si utoto. Kasikia kwa wakubwa. Wakubwa walisikia kwa wakubwa wao, na wa kwanza kusema alikuwa na kiboko mkononi. Mimi nataka wajue lilipoanzia, wapate kuliacha. Wewe unataka lianzie wapi? Lianguke tu kutoka juu, kama mvua?"

Mzee Hasani akaitazama fimbo yake. Kisha akasema maneno ambayo Kudra alikuja kuyarudia mbele ya kila aliyemsikiliza wiki ile. Akasema, "Mjerumani hatasikia uchungu, mwanangu. Mpe yeye."

Kudra akamuaga kwa heshima na akaondoka akiwa hajui aweke wapi mikono.

Alikula kwa Bi Stefania mchana huo. Kula ni kusema tu. Alikuwa anachomachoma ugali kwa kidole. Akamwaga yote, ya kalamu nyekundu, ya namba tisa, ya Mjerumani asiyesikia uchungu. Hakumwomba kitu. Hili alilirudia baadaye mara nyingi na ni kweli, hakumwomba kitu.

"Kwa hiyo utafanyaje?" Bi Stefania alimuuliza, anageuza samaki kwenye mafuta.

"Wamesema nimtoe akida, nitamtoa. Lakini kigoda chake sikitoi. Hawakusema nitoe kigoda. Kitakaa pale na kiboko juu yake, na watu waulize wenyewe nani hayupo."

"Wataelewa?"

"Wasipoelewa shauri yao."

"Hm." Samaki akageuzwa upande wa pili. "Hasani anakaa wapi siku hiyo?"

"Atakaa wapi? Meza kuu, karibu na mgeni rasmi."

"Kavaa ile kofia yake?"

"Si ndiyo huwa anavaa."

"Kula ugali mwanangu, unapoa," alisema Bi Stefania.

Jumamosi ikafika. Turubai likafungwa kwa ajili ya wageni, wanafunzi wakapangwa juani kama kawaida, maana inaonekana jua halichomi watu wasio na cheo. Spika zilipiga muziki mpaka watu wakawa wanaongea kwa mikono. Risala ikasomwa, mgeni rasmi akaahidi alichoahidi mgeni wa mwaka jana. Amina, ambaye sasa hakuwa na nafasi, alipewa kazi ya kugawa soda. Alikuwa anagawa huku kanuna, chupa inatua mezani kama nyundo.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Na sasa burudani kidogo, vijana wetu watatuchekesha na historia."

Kudra alikuwa amesimama pembeni ya uwanja. Aliyekuwa karibu naye anasema alimsikia akisaga meno.

Igizo likaanza. Wakulima kumi na wanne wakaingia wameinama, wamevaa kaniki, wanapalilia mistari ya sufi huku wanaimba wimbo wa Kimatumbi aliouleta Adija kutoka kwa bibi yake. Kwanza wazazi wa Kipatimu waliokaa nyuma walicheka kwa furaha, kusikia lugha yao mahali penye spika. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuitikia. Wimbo ulikuwa hauchekeshi.

Katikati ya shamba kulikuwa na kigoda, juu yake kiboko. Mjerumani, kijana mmoja mrefu kapakwa unga wa muhogo usoni, akapita akasema maneno yake ya ovyo, akaenda kulala kwenye kiti chini ya mwavuli. Askari wawili wakasimama kila upande wa kigoda. Adija akaweka jembe chini, akajinyoosha mgongo, kachoka. Hapo ndipo akida alitakiwa anyanyuke. Askari wakakitazama kigoda. Adija akakitazama kigoda. Watu wote wakakitazama kigoda.

Nyuma huko mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa anayewalimisha yuko wapi?"

Kudra alijisikia vibaya sana wakati ule. Aliona watoto wanahangaika, hawajui kama waendelee au wangoje, na akajua kwamba hasira yake kaiweka vichwani mwao kama yale magunia ya mchanga. Alikuwa keshanyanyua mguu akawatoe uwanjani.

Bi Stefania akatokea upande wa masufuria, alikokuwa anapika pilau la wageni.

Hakuharakisha. Alifuta mikono kwenye kanga, akapita mbele ya mgeni rasmi bila kumtazama, akasimama mbele ya Mzee Hasani.

"Mtani," alisema.

"Mtani," Mzee Hasani akajibu. Lazima ajibu.

"Kofia hiyo nzito, utaumwa shingo." Akamvua. Mbele ya meza kuu nzima, akamvua kofia, kipara kikabaki kinang'aa. Akachukua na fimbo mapajani. Akaivaa kofia juu ya kilemba chake cha kanga, akageuka, na alipogeuka hakuwa Bi Stefania tena. Alikuwa Mzee Hasani: kifua mbele, mkono mmoja mgongoni, kile kikohozi chake kifupi cha kabla ya kusema jambo. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mzee mwenyewe akacheka, machozi yakamtoka. Mgeni rasmi, aliyekuwa mtu wa mbali, akauliza kama hii nayo imo kwenye ratiba.

Bi Stefania akakohoa mpaka shambani. Akakiondoa kiboko kwenye kigoda kwa ncha ya vidole, akampa askari, akakaa, akaweka mguu juu ya mguu. Akamwita Adija kwa fimbo.

"Wewe. Jina?"

"Adija."

"Wa wapi?"

"Kipatimu."

"Mshamba wa mlimani," alisema Bi Stefania, kwa upole, kwa sauti ileile ya mzee anayechangia madawati.

Kicheko kikapungua, kama redio inayopunguzwa na mtu asiyeonekana.

"Umepumzika nani kakuruhusu? Pamba hii ya nani?"

"Ya Mjerumani."

"Mjerumani unamwona? Kalala yule. Hakujui. Hajui hata kama upo. Mimi nakujua. Nakujua wewe na mama yako na nyumba yenu na mtama mlioficha. Macho ya Mjerumani ni mimi. Mlazeni."

Askari wakamlaza. Ilikuwa igizo, kiboko kinapiga ardhi, vumbi tu linaruka. Bi Stefania akahesabu. Walitegemea ahesabu vitatu, vinne, watu wacheke, yaishe. Akahesabu yote ishirini na tano. Hakuongeza sauti wala kupunguza. Ilipofika kumi na tano, watu wa nyuma, wa Kipatimu, walikuwa wamesimama. Ilipofika ishirini, hata mshereheshaji alikuwa kakishusha kipaza sauti. Na Mzee Hasani, kipara wazi, bado alikuwa na kile kicheko usoni, maana mtani akikufanyia jambo unacheka. Kilikaa tu pale usoni, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Hamsa ishirini," alimaliza. "Kalime."

Adija akanyanyuka, vumbi usoni. Haikuwa zamu yake kung'oa wa kwanza, lakini akang'oa. Mche mmoja, sufi ikapeperuka. Wenzake wakafuata, shamba lote likang'olewa, sufi inaruka kama makapi yanayopepetwa, inaingia kwenye soda za wageni. Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Walichelewa, kisha wakapiga sana.

Bi Stefania akarudi meza kuu akamvisha Mzee Hasani kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili kama mama anavyomvisha mtoto. "Chukua mtani. Ina joto." Akarudi kwenye masufuria.

Jumatatu Kudra akaitwa. Alishajua. Mkuu alimpa karatasi nyeupe aandike barua ya kujieleza, na Kudra akaiandika palepale, kasimama, karatasi kaiegemeza kwenye kabati: Mkuu wa shule, uliniagiza nimtoe akida, nikamtoa. Akaingia mwenyewe. Wako katika ujenzi wa taifa, K. Maftaha.

"Mwalimu, unanitania?"

"Mimi siyo mtani wako, mkuu. Nakueleza."

Mkuu akashusha pumzi. Akasema barua hiyo itaambatanishwa na malalamiko ya mwenyekiti, faili liende juu, na huko juu ndiko kunakopangwa nani afundishe wapi. Kilichobaki ni mwenyekiti tu alete malalamiko kwa maandishi.

Wakangoja Jumanne. Wakangoja Jumatano. Alhamisi mkuu akaenda mwenyewe barazani kwa mzee, na aliyoyakuta huko aliyasimulia kwenye ofisi ya walimu, kwa sababu kunyamaza nako hawezi. Mzee kamuuliza, "Niandike nini? Kwamba mtani kanivua kofia nikachukia?" Hakuna mwanaume wa Kilwa anayeweza kuandika sentensi hiyo akaweka na sahihi. Kwanza mji ungemcheka. Pili, watani wangeitunza barua ile mpaka siku yake ya kufa, wakaisome kwenye maziko yake wamevaa kanzu yake.

Basi mambo yakaishia hapo. Barua ya Kudra ikabaki kwenye droo, bila mwenzake wa kuambatana naye. Mkuu akamwambia, kwa furaha ya mtu aliyepona, "Umeshinda, mwalimu."

Hapo ndipo Kudra alipokasirika kuliko siku zote.

"Nimeshinda nini?" alimuuliza. "Kuna mtu kasema akida hakuwepo? Kuna mtu kasema alikuwepo? Mmeogopa kuchekwa tu. Leo ningekuwa napakia vitu vyangu, na kilichoniokoa ni kofia. Siyo ukweli, mkuu. Kofia." Na akapima kiwanja mpaka darasani.

Kidato cha tatu walinyanyuka, shikamoo madamu. Akaitikia, akawakalisha, akachukua chaki, akawa haoni cha kuandika. Amina akanyoosha mkono.

"Madamu, babu anasema Bi Stefania kaigiza vibaya."

Adija, pembeni yake, akaacha kutikisa mguu.

"Vibaya vipi?"

"Fimbo. Anasema akida hashiki fimbo mkononi anaichezesha vile. Anaibana kwapani." Amina akachukua rula ya Adija akaibana kwapani, akasimama kifua mbele. "Hivi. Mikono yote inabaki mitupu. Kwa sababu yeye hampigi mtu, madamu. Wanaopiga ni askari. Yeye anahesabu tu, na vidole vyake anavitumia kuhesabia."

"Babu yako kakwambia hivyo?"

"Jana baada ya magharibi. Kanionyesha. Anasema na yeye alionyeshwa na babu yake, alipokuwa mdogo kuliko mimi."

Kudra alikaa kwenye kiti cha mwalimu, jambo ambalo huwa halifanyi. Miaka zaidi ya sitini mzee yule kayaweka haya kwapani. Kachangia madawati, kakaa kwenye bodi, kaona watoto wanakariri na kufeli, kaona karatasi yake yeye Kudra inatobolewa kwa kalamu, na muda wote huo anajua mpaka vidole. Hasira ilimjaa upya, na hakujua kama ni hasira peke yake.

Akaitoa ile orodha mfukoni, yenye tundu. Akaomba kalamu. Aliyekuwa nayo karibu alikuwa na nyekundu. Akaandika chini kabisa, kwa mwandiko uliolala: Akida, mmoja. Fimbo kwapani.

"Amina, Adija," alisema, "njooni mbele. Tunaanza upya."